Sawa

Juzi LUKU iliisha, hapa Tabata Kimanga,
nikakwambia, Sikudhani, nitanunua kesho.
Ukasema: sawa.

Nikalala fofofo juu ya neno hilo
kama mtu aliyetia saini mkataba asiousoma.

Asubuhi sufuria zikanisomea.
Chai ilikuja bila tangawizi,
kikombe kikatua mezani
mbali kidogo na mkono wangu.

Miaka kumi na mmoja.
Bei ya tenga la nyanya Buguruni naijua,
fundi gani anaiba spea, namjua.
Sijui bado sawa yako ipi ni ndiyo,
ipi ni ngoja uone,
ipi ni mlango unaorudishwa polepole
watoto wasiamke.

Leo sikusema pole.
Pole nimeitumia hadi imechakaa
kama noti ya konda.
Nimekaa jikoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikamenya vitunguu vyako,
nikauliza: juzi ulitaka kusema nini?
Kisha nikanyamaza.

Friji la jirani likanguruma, likazima.

"Siyo umeme," ukaanza,
ukatafuta neno,
nami nikalijua, lilikuwa ulimini,
nikalimeza
nikusubiri.