Viatu Namba Ishirini na Nne

Tulinunua viatu namba ishirini na nne,
vya buluu, vyenye kamba nyeupe,
dukani kwa Senén, siku ileile picha ilipotufikia.
Nicanor alivinusa kama mkate.
Sasa, kwa barua ya daktari wa kule, mguu umefika ishirini na nane,
na viatu vingali ndani ya boksi.

Jina lake Amanat.
Mkalimani alitueleza maana yake kwa haraka,
mkono mmoja tayari kwenye kitasa:
kitu unachoachiwa ukitunze,
mwenyewe akija umrudishie.
Tulicheka. Tulidhani sisi ndio tulioachiwa.

Oliva, mama mkwe, huuliza kila Jumapili, "Lini?"
huku akimenya tufaha kwa ganda moja refu lisilokatika.
Langu hukatika.
Nimjibu nini? Kwamba mfasiri wa mahakama
aliandika jina langu pungufu ya herufi moja,
na kwa herufi hiyo nikawa mwanamke mwingine,
asiye na nyumba wala mume,
tukaanza upya, mihuri kumi na minne?
Kwamba cheti cha afya huishi miezi sita,
hivyo kila miezi sita nathibitisha kuwa sijafa?
Alama za vidole tumechukuliwa mara tatu.
Yule polisi wa Villaviciosa husema,
"Umekuja tena, Covadonga," kwa upole
ule wa kusemea na wagonjwa.

Tulikuwa naye siku tisa, saa mbili kila siku,
katika chumba chenye harufu ya kabichi na rangi mpya.
Siku ya kwanza alijificha nyuma ya pazia;
tulichokiona ni nyayo.
Siku ya tano alinilisha hewa kwa kijiko cha plastiki,
akangoja nimeze.
Siku ya tisa alilala mkononi mwa Nicanor,
na Nicanor, mwenye kifua kibovu, hakuthubutu kukohoa.
"Wiki sita," walituambia.
Tumekamua tufaha misimu miwili tangu hapo.

Kesi iliahirishwa kwa sababu hakimu aliumwa.
Kisha kwa sababu hakimu alihamishwa.
Kisha bila sababu, na hiyo ndiyo iliyonikata,
maana sababu angalau unaweza kuichukia.

Jana simu ililia saa kumi alfajiri.
Taraz kulishapambazuka.
Sauti ikasema: amejitokeza shangazi.
Dada wa baba yake. Anafanya kazi relini, mbali,
hakujua habari za mtoto mpaka mwezi uliopita.
Ana chumba kimoja. Ana paji la uso kama lake.
"Subirini," ikasema sauti. "Huenda asifaulu."

Huenda asifaulu.
Nilikaa jikoni na maneno hayo
kama mtu aliyeokota pesa na kuijua sura ya aliyeziangusha.
Niombe nini, mimi niliyekwisha kuomba kila kitu?
Nikijiombea, kuna mwanamke kule kituoni,
bendera ya treni mkononi,
ninayemtakia mlango ufungwe usoni.
Nikimwombea yeye, nani atanifundisha
kupita mbele ya kile chumba tulichokipaka njano?
Mvumilivu hula mbivu, husemwa.
Hakuna aliyesema njaa ya nani
hubaki mezani ile mbivu ikishaliwa.

Nicanor aliamka, akaliona boksi limefunguliwa.
Hakuuliza. Alichukua viatu,
akatia vidole viwili, kila kimoja katika kiatu chake,
akavitembeza mezani, hatua, hatua,
toka kikombe changu hadi ukingoni.
Hapo vikasimama.
Nje, mvua ile ya kwetu, nyembamba,
isiyosikika mpaka ushalowa.

"Kule theluji imeanza?" nikamuuliza.
"Imeanza."
Akavirudisha viatu, akafunika.
"Akichukuliwa na yeyote," akasema,
"atahitaji ishirini na nane."

Senén hufungua saa tatu.