Ngano ya Dunmarrow

Palikuwa na ngano hapa. Sasa imebaki ngano.
Ya kwanza ililiwa; hii ya pili nitaisema mimi,
Halyna Prystupa, binti wa Nykola,
ambaye ekari zake mia tatu na ishirini zilipimwa kwa kamba
mwezi wa Machi, theluji ingali magotini,
na bwana wa serikali aliyevaa viatu vya mjini.
Baba hakujua Kiingereza cha kukataa.
Alijua cha kushukuru tu.

Kiangazi wakaja na lami.
Barabara tatu zikakatana katikati ya shamba;
ukizitazama kutoka juu, walisema, ni kama chapa ya ng'ombe.
Kisha ndege zenyewe, manjano ya kiini cha yai,
ili ikianguka thelujini ionekane.
Hilo "ikianguka" nililisikia siku ya kwanza ya kazi.
Sikulisikia tena. Kambini neno hilo lilikuwa kama mkwe:
heshima yake ni kutotajwa.

Treni iliwashusha usiku, kuruti wa miaka kumi na tisa,
kutoka Queensland, Otago, Bergen, Dundee.
Mmoja aliigusa theluji kwa ncha ya ulimi
kama mpishi anayeonja chumvi.
Wakafungiwa katika kisanduku chenye mbawa za mbao,
kilichopigiliwa sakafuni, kikiyumba na kuhema kwa viriba,
gizani, macho kwenye mishale.
Wengine walitapika kabla ya kuondoka ardhini.

Kisha Sajini Ovide Thériault akawatoa juani.
Mara saba aliomba apelekwe vitani.
Mara saba akajibiwa: unafundisha vizuri mno.
Miaka minne alikaa kiti cha nyuma,
mikono magotini, usukani mbele yake, asiuguse.
"Kazi ndiyo hiyo," alisema, "kutogusa."
Na kila aliyeruka peke yake aliandikwa jina kwa penseli
ndani ya mlango wa banda la tatu.
Mia mbili na kumi na moja.
Barua zilipoanza kuja, hakufuta, hakutia msalaba.
Alichonga penseli.

Mimi nilikuwa kwenye meza ndefu, futi arobaini za hariri.
Nyoosha, hesabu kamba, kunja, funga, tia saini kadi.
Kijijini kwetu hapajavaliwa gauni la harusi la kitambaa kile.
Sote mezani tuliliwaza hilo. Nani angesema?
Nilikunja parachuti elfu mbili mia nne na sita.
Iliyorudi na udongo ni moja.

Alwyn Tregear, yule yule wa theluji, akaja anachechemea,
kadi mkononi: "H. Prystupa ni nani?"
Nikanyoosha kidole kama mtoto wa shule.
Akaweka kopo la pichi mezani, la kwao, lenye picha ya jua.
"Unashona vizuri," akasema.
"Sishoni. Nakunja."
Akacheka. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Miezi mitano baadaye, juu ya bahari ya wengine,
futi mia mbili:
chini mno kwa hariri ya mtu yeyote.

Kopo tulilifungua siku ya harusi yangu.
Pichi zilikuwa tamu. Baba alikunywa hata maji yake.

Vita viliisha, Baba akangoja shamba.
Zikaja jeti.
Zikaja na Wadenmaki, Waturuki, Waitaliano,
vioo vikapasuka, kuku wakagoma kutaga,
na Baba akazikwa upande wa pili wa uzio
akiwa na risiti mfukoni.

Leo kisanduku ni chumba cheupe, anga lote ukutani.
Mjukuu wangu Oksana ndiye anayekaa kiti cha nyuma,
nahodha, mikono magotini. Sikumfundisha mimi.
Mwaka jana walipaka mlango rangi ya kijivu,
mkono mmoja tu, kwa haraka.
Ananiambia alfajiri, jua likiupiga ubavuni,
rangi inaonyesha mifereji midogo,
na kuruti wapya wanapitisha kidole wakidhani ni nyufa za mbao.

Huwaambia?

"Baada ya kuruka peke yao," anasema. "Si kabla."