Kisiki

Gathogo alikuja na picha kwenye simu,
kioo kimepasuka kona hadi kona,
ufa ukimpitia yule mtu kiunoni:
uchi, kainama, mkono nyuma,
kisahani kiganjani, hajakitupa.
Uso hauna jasho, kama wa mtu
aliyezoea foleni.
"Nataka kumweka mlangoni pa jimu yangu, Roysambu.
Marumaru siwezi. Nifanyieni wa saruji."

Lusweti akaivuta picha kwa vidole viwili,
akaivuta tena mpaka ikawa ukungu.
"Mgongo wake uko wapi?"
Mgongo haukupigwa picha.
Basi mgongo tuliazima kwa Barasa muuza maji.
Tukamwambia inama, shika sufuria hii
kama unayetaka kuitupa,
naye akainama, mkokoteni ukimngoja barabarani,
akacheka mpaka tukaona kila ubavu ulipo.

Kazi yangu mimi ni kukoroga.
Mchanga ndoo tatu, saruji moja, maji kwa jicho.
Usiku nikasoma, kwa bando la shilingi ishirini,
kwamba hata huyo wa marumaru si yeye.
Wa kwanza alikuwa wa shaba, kazi ya Mgiriki.
Warumi wakampenda, wakamnakili kwa jiwe,
na yule wa shaba akapotea;
pengine aliyeyushwa.
Lusweti akacheka kwa puani:
"Kumbe na huko walikuwako wa vyuma chakavu."
Harufu hiyo Kariobangi tunaijua,
asubuhi kifuniko cha injini,
jioni sufuria.

Alhamisi Gathogo akaja kukagua.
"Na hiki kisiki mguuni?
Mwanamichezo na kisiki wapi na wapi?
Kitoeni."
Siku mbili tulikichonga, gome kwa gome,
kwa kuwa kilikuwa kwenye picha.
Nami nilikuwa nimesoma: shaba ilijisimamia,
jiwe ndilo lililoomba mti wa kuegemea.

Lusweti hakujibu. Alikwenda kwa Nduku wa vyuma,
akarudi na nondo iliyopinda,
akainyoosha kwa nyundo,
akaupasua mguu tulioumaliza jana
akaipitisha, kisigino hadi nyonga,
akaufunika tena kama anayefunga jeraha.
Siku saba tulimvika gunia bichi, tukimnywesha.
Ya nane tukakivuta kisiki.

Akasimama.

Sisemi kwa hakika, mimi ni mkoroga tu,
lakini baada ya karne zote hizo za kuegemea
labda alisimama tena kwa mguu wake,
kati ya gereji na choo cha kulipia,
na mgongo wa Barasa.

Gathogo alimpaka rangi ya dhahabu. Hatukuulizwa.
Barasa hajaenda kujiona,
nauli ni bei ya mitungi minne.
Kisiki kilibaki kwetu. Wateja hukikalia
wakipatana bei, na mvua ya Aprili
imekiotesha ukijani kwenye magome.
Juzi mtoto wa Nduku alikizunguka mara mbili,
akaniuliza
mti wenyewe ulikatwa lini.