Samani ya Kupogoa

Mwaka juzi ilikuwa mahameli ya damu ya mzee.
Mwaka jana, maua makubwa kama sahani za pilau.
Mwaka huu, pesa za mnada wa pili zilipoingia,
wamekuja na majora ya kijivu:
"Ndiyo inayokwenda, fundi. Kijivu, na miguu myembamba."
Nikashona. Cherehani yangu haina upande.
Nimeyavisha makochi ya Newala hii, mtaa kwa mtaa,
najua lipi lilimwagiwa uji,
lipi lilikatwa mguu ili lipite mlangoni.

Kwangu mimi, mgeni nilimgeuzia ndoo.

Basi mwaka jana, Oktoba, nikamwendea Mchopa,
seremala wa nyuma ya ghala:
nitengenezee benchi la uani,
nitakulipa kwa suruali za shule za wanao.
Akajikuna kichwa kwa penseli.
Mninga una bei ya mahari.
Mpingo usiutaje, una askari wake.
"Nina msufi," akasema, kama mtu anayeungama,
"nimeukata juzi kwa Bi Nantende, ulikuwa unalalia bati.
Mti laini huo. Miaka miwili, mchwa watakuwa wameumaliza."
Nikamwambia miaka miwili si haba.
Akachimbia miguu minne, mibichi, na magome yake,
akagongomea mbao juu,
akaondoka bila kugeuka nyuma.

Desemba ikanyesha.
Nilikuwa nakinga maji kwenye michirizi
(kwetu huku juu maji hayamwagwi ovyo, hata ya mbinguni)
nikaona kitu kwenye mguu wa kushoto.
Nikadhani panzi.
Jani.
Vidole saba vya kijani, vimekunjuka
kama kiganja cha mtoto aliyeitwa kunawa.

Kufika Februari miguu mitatu ilikuwa na matawi.
Wa nne, Mchopa aliuchimbia kichwa chini.

Alipopata habari alikuja na panga, uso ameuinamisha.
"Kazi yangu inanicheka, mama Somoe.
Nipe nafasi, niweke chuma."
Nikampa chai. Panga nikalichukua mimi,
nikakata tawi moja tu, lile lililokuwa likinichoma mgongoni,
nikamwonyesha pa kukaa.

Tangu hapo nina samani yenye majira.
Machi napogoa, kabla halijawa kichaka,
vitawi navisimika kando ya choo viwe ua.
Aprili mchicha unaota chini yake, kwenye kivuli cha makalio yetu.
Juni ukungu unapanda kutoka bondeni, tunavaa sweta,
nalo benchi linavua: majani puu, puu,
nayakusanya, nayatandaza kwenye mashina ya nyanya,
udongo ukae na unyevu wake.
Agosti sina la kufanya. Nafuta vumbi tu, kama watu wengine.

Mjukuu wangu Chande hulipima kila Ijumaa
kwa futi yangu ya kushonea.
Amesikia miti hurefuka.
Anangoja siku tutakapopanda kukaa kwa ngazi.
"Bado," ananiambia, na kuandika ukutani kwa mkaa.

Juzi akaja mteja wa kijivu, yule wa kochi la kona,
kufuata foronya zake.
Akakaa uani, akanyanyuka, akachungulia chini,
akashika jani.
"Hii nayo umeipata wapi? Ndiyo inayokwenda sasa?"
Nikang'ata uzi.
"Hii haiendi, dada. Hii imekaa."

Mguu wa nne mchwa wameuanza.
Nimeuwekea jiwe.
Mchopa anasema, Mungu akipenda, miaka mitano mbele
hiyo mingine itazaa sufi,
nami nimeshatenga kipande cha foronya
kwa ajili ya mto ambao benchi litajizalia lenyewe.
Ni cha kijivu. Kilibaki.