Shikeni Mbwa

Huku hakuna hodi.
Ukifika kwenye hema la mtu, Gobi, unasimama mbali,
unapaza sauti: Shikeni mbwa!
Ndipo mlango unafunguka,
au haufunguki.

Wa Dulmaa ulinikatalia mara mbili.
Mwezi wa kumi alikuwa malishoni.
Mwezi wa kwanza theluji ilizika njia, na dereva wetu Batsukh
akaligeuza gari huku akilitukana kwa Kirusi.
Mara ya tatu, Machi, mchanga ukituingia mdomoni,
alinitazama kutoka zizini, mikono imelowa hadi viwikoni:
"Wewe ndiye yule wa saratani?
Rudi mwezi wa sita. Mbuzi wanazaa."

Daftari langu lilisema: miaka hamsini na mitatu,
watoto wanne, hajawahi kupimwa,
kilomita mia na themanini hadi kliniki.
Pembeni, kwa wino mwekundu, mtu wa ofisini kaandika: mkaidi.
Ningependa mtu huyo asimame hapa
saa kumi za usiku, kwa baridi hii ya kukata masikio,
ashike taa.

Maana nilibaki, nikashika taa.
Mbuzi mweupe alikwama, mtoto kageuka,
mguu mmoja nje, kichwa hakionekani.
Dulmaa akafumba macho, akaingiza mkono taratibu,
akawa anasoma kwa vidole:
"Hili goti. Hili sikio. Shingo imepinda, ndiyo hii."
Akasukuma. Akangoja. Akavuta.
Kikatoka kitu chembamba kinachofuka mvuke,
kikapiga chafya.

Mbuzi mia tatu, na matumbo yao anayajua yote.
Kwamba kizazi chake nacho kina mlango,
hakuna aliyewahi kumwambia.

Ndani tulikunywa chai ya maziwa yenye chumvi.
Nikamwonyesha kijiti, brashi yake laini
kuliko mswaki wa mtoto.
Unajipima mwenyewe, nikasema. Sitaangalia.
Akakigeuzageuza kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini.
"Dada yangu alivuja damu miaka miwili," akasema.
"Alisema ni hedhi tu, inakawia kuaga.
Siku ya kumzika nilimbeba peke yangu,
kama tandiko la farasi."

Halafu: "Dereva atoke."
Batsukh alikwisha toka zamani, anavuta sigara na mbwa.
Akaingia nyuma ya pazia la kitanda.
Nikasikia buti likivuliwa. Kimya. Buti la pili.
Kisha nikamsikia anacheka peke yake.
"Hiki tu?"
"Hiki tu."
"Mbuzi wangu wanavumilia makubwa."

Nikaandika namba kwenye chupa: kumi na saba.
Akataka aione, akaisoma kwa sauti.
Mbuzi wake nao wana namba masikioni.

Majibu yalipotoka nilimpigia siku tisa.
Mtandao uko kilimani tu,
na kilimani hapandi mtu ila aliyepotelewa na ngamia.
Siku ya kumi akapokea. Akaniuliza kwanza habari za theluji,
kisha za mifugo yangu,
mimi ninayekaa ghorofa ya nne na paka mmoja.
Nikamwambia: kuna kitu. Hakijawa saratani.
Kinatibika, lakini uje.
Upepo ukajibu kwa niaba yake, muda mrefu.
"Mbuzi tisa bado hawajazaa," akasema,
simu ikakatika, au akaikata.

Ijumaa nilimwamsha Batsukh saa nane za usiku.
Tulijaza mafuta ya kwenda na kurudi, na ya kwenda na kurudi tena.
Njia nzima hakunisemesha.
Tulifika jua likiwa jembamba kama uzi.
Nikasimama mbali, nikavuta pumzi nipaze sauti,
nikaona mbwa amekwisha fungwa.