Unyevu Asilimia Kumi na Tisa

Februari, Juárez. Upepo umelamba mto mpaka mchangani
na umetuachia vumbi kwenye meno.
Saa nne usiku tunaingia kwa foleni,
kila mmoja anakanyaga bamba la chuma,
anabonyeza kitufe, anangoja taa.
Kijani: pita.
Nyekundu: rudi, vua kiatu,
funga upya utepe wa kisigino,
omba ardhi ikukubali.

Obdulia amekuja na sweta.
Ya sufu, rangi ya boga, kaifuma mama yake huko Parral.
Ameificha chini ya koti la kazi
kwa kuwa ukumbi una baridi na koti ni jepesi kama udhuru.
Ivue, namwambia.
Doña Eduviges, ananijibu, mbona haionekani?

Ndiyo maana, binti. Kikulacho kimo humo humo nguoni.
Ukishika mlango wa gari ukashtuka,
ukasema ai! ukacheka,
hizo ni volti elfu tatu na zaidi.
Hiki kidubwasha hapa, kidogo kuliko chawa,
kinaumia kwa mia.
Mia huisikii. Mia haina mwanga wala mlio.
Mia ni wewe kuinuka kitini.

Na afadhali kingekufa.
Kilichokufa hakina siri: mashine ya kupimia inalia,
bodi inakwenda kwenye sanduku jekundu, tunaandika namba yake, basi.
Ninachokiogopa ni kile kilichojeruhiwa
kikajikaza.
Kinapita kipimo. Kinapita hadubini na jicho langu juu yake.
Lehemu inang'aa, miguu yote imekaa sawa,
nagonga muhuri wangu, arobaini na moja,
kinafungwa kwenye mfuko wa rangi ya fedha kama peremende,
kinavuka daraja.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa meza ya saba.
Mkanda wa mkono ulinibana, nikaulegeza,
ukateleza mpaka pajani, nikasema nitaufunga baadaye.
Bodi kumi na moja zilipita vidoleni mwangu
kabla sijakumbuka.
Zote kumi na moja zilifaulu.
Hakuna aliyeuliza, nami sikusema;
nilikuwa na mtoto wa miezi minne na kodi ya miezi miwili.
Zilikuwa za mashine za kutilia dawa mshipani,
tone,
tone,
tone.

Miaka kumi na minane sasa.
Nikienda kumwona mgonjwa, nikaikuta moja imetundikwa kando ya kitanda,
nainama nyuma yake kusoma namba ya toleo.
Nesi huniuliza kama nimepoteza hereni.

Saa nane. Kipimo ukutani kinasema kumi na tisa.
Kanuni inasema thelathini.
Mtambo wa mvuke umeziba tena kwa chumvi ya maji yetu.
Mhandisi Terrazas anakuja na kikombe chake,
anasimama nyuma ya mstari wa njano, kwa adabu:
Doña, lori linaondoka saa kumi.
Kimeharibika nini? Nionyeshe.

Nimuonyeshe nini?
Bodi mia nne ziko mezani, nzima, nzuri,
hakuna hata moja yenye doa.
Navuta kamba. Ukanda unasimama, feni zinasimama,
na kwenye kimya hicho Obdulia, bila kuambiwa mara ya pili,
anavuka mstari wa njano, anafungua koti,
anapitisha sweta kichwani.

Ta. Ta-ta. Ta.
Nywele zote zimemsimama kama aliyeitwa jina lake gizani.
Anacheka kwa aibu.
Terrazas anatazama sweta, anatazama ndani ya kikombe,
anaondoka kupiga simu bila kusema ndiyo wala hapana.

Nafungua daftari.
Mstari umesimama, saa nane na dakika kumi na mbili.
Kwenye nafasi ya sababu naandika: unyevu.
Kalamu inabaki pale pale juu ya karatasi,
kana kwamba kuna tarakimu nyingine
inayosubiri zamu yake.