Mbili ya Juu

Ni ripoti ya visima,
Shela, chini ya kilima,
kurasa sitini nzima
za hisabati ya maji.

Mlinganyo ni wa picha,
mdogo kama ukucha;
ukafinywa, ukaficha
mbili yake, msomaji.

Mbili ya nusukipenyo
ikatoka bila onyo,
ukabaki mlinganyo
chongo, kwake mchimbaji.

Famau akaamini,
akashuka hadi chini
mara tatu ya kanuni,
akanywesha chumvi mji.

Shekuwe kaketi kiti,
Langoni, yu na ripoti.
Hataki picha katiti,
haajiri mchoraji:

kila alama na yake
lebo, na kidaka chake;
kipeuo, paa lake,
na kipeo mpandaji.

Nambari, saba na nane,
hujua zifuatane;
ukiongeza mwingine,
hujipanga pasi hoji.

Bwana Shee, asoona,
kwa sikio hukutana
na mbili, wazi, bayana:
mashine ni msemaji.

Famau kamuuliza:
“Mbili iko?” Kaikuza
herufi hadi kujaza
kioo. Akanywa maji.